Somo: Pima wateja wa sheli yako kabla hujachimba shimo la tangi

Desemba moja nilimhesabia ndugu yangu magari kwenye kiwanja alichotaka kujenga sheli (kituo cha mafuta) kando ya barabara ya Arusha–Moshi. Magari msururu, asubuhi mpaka usiku. Tukafurahi. Januari barabara ikatulia kabisa. Kumbe tulikuwa tumehesabu Wachagga wanaopanda nyumbani kula Krismasi. Tangu hapo nafuata utaratibu huu, na nawasihi wenye viwanja mwufuate kabla ya kukopa.

Kwanza, kaa kiwanjani na daftari. Chukua siku ya kawaida, siku ya soko (kwa wa Tengeru ni Jumatano na Jumamosi) na Jumapili, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kila aina na mstari wake: bodaboda, bajaji, vifodi (daladala ndogo), magari madogo, Fuso, mabasi, magari ya watalii. Haya ya watalii yanajaa Juni hadi Oktoba na kupungua sana masika ya Aprili na Mei, kwa hiyo rudi uhesabu tena msimu mwingine.

Pili, na hapa ndipo wengi tunajidanganya: tenganisha pande mbili za barabara. Tunaendesha kushoto, hivyo wa upande wa pili lazima akatize kukufikia. Barabara ikigawanywa katikati, kama ilivyo Sakina hadi Tengeru tangu iwe njia nne, huyo mfute kwenye daftari. Nenda TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, uulize mpango wa barabara yako, maana upanuzi unaweza kukukuta umeshajenga. Uliza na hifadhi ya barabara, yaani eneo la barabara usiloruhusiwa kujenga: kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu inachukua mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukizitoa hizo, kiwanja kinaweza kubaki chembamba mno kwa lori la mafuta kugeuza.

Tatu, simama karibu na sheli za jirani, hesabu wanaopita na wanaoingia. Ukipata wawili kwa kila mia, tumia hao wawili. Waulize na bodaboda wanaweka wapi na kwa nini.

Nne, geuza kuwa lita. Mfano wa kufundishia tu: magari 4,000 upande wako, yanaingia 80, kila moja lita 12, ni lita 960. Bodaboda 1,500, wanaingia 90, kila mmoja lita 2, ni 180. Jumla lita 1,140 kwa siku. Ukishusha lita 10,000, pesa yako inalala tangini karibu siku tisa. Zidisha lita kwa faida inayobaki mkononi, toa mishahara, umeme na rejesho la benki. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo (bei ya juu usiyoruhusiwa kuizidi) kila mwezi, kwa hiyo lita zikiwa chache huwezi kufidia kwa kupandisha bei.

Maswali mliyoniuliza

Swali: Kaka, siwezi kuhesabu saa moja nikazidisha?
Jibu: Hapana, dada. Asubuhi magari yanakimbilia mjini, jioni yanarudi. Saa moja itakuonyesha upande mmoja tu.

Swali: Jirani anauza vizuri. Nikishusha bei si nitachukua wateja wake?
Jibu: Kwanza waulize EWURA unaruhusiwa kushuka hadi wapi. Lakini kesho yake naye atashusha, na huenda mwenzio alishamaliza mkopo. Mzidi kwa njia pana ya kuingilia, taa za usiku, upepo wa matairi na pampu isiyokauka.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kijijini kwetu Monduli hakuna sheli kabisa. Nihesabu nini?
Jibu: Marahaba. Hesabu chupa. Zunguka kwa wanaouza petroli ya chupa, uliza kila mmoja anamaliza madumu mangapi kwa wiki. Kisha pita vijiwe vya bodaboda, mashine za kusaga na wenye trekta. Trekta waulize miezi wanayolima, usigawanye dizeli yao kwa mwaka mzima.