Kubadili mazabodi ya laptopu: anza na namba, bisibisi baadae

Kubadili mazabodi ya laptopu, yaani bodi kuu ya ndani, sio uchawi, mtu mwenye mkono mtulivu na bisibisi zinazoendana na skrubu zake anaweza kabisa, ila ukifatilia wanaofeli wengi hawafeli kwenye kufungua, wanafeli kwenye kununua. Wananunua bodi kwa jina lililoandikwa kwenye kava, ikifika wanakuta tundu la chaja limekaa upande mwingine, au bodi haina kadi ya grafiki, au prosesa ni nyingine kabisa. Hapo ndo ntakaa sana, mana huko kwingine ni skrubu tu.

Kabla ya yote jiridhishe kweli bodi ndo imekufa. Laptopu isiyowaka inaweza kuwa chaja, inaweza kuwa RAM (kumbukumbu ya muda), hata betri yenye shoti inaweza kuizuia isiwake. Chomoa chaja, fungua uchomoe na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 30 umeme uliobaki uishe, alafu rudisha chaja peke yake ujaribu. Toa RAM uirudishe, kama ziko mbili jaribu moja moja. Kama feni inazunguka ila skrini ni giza, chomeka skrini ya nje kwanza. Na kama kuna fundi anayejua kupima bodi kwa mita mpe aiangalie, mara nyingi ni kifaa kimoja kidogo cha njia ya umeme kimekufa na bodi nzima haina shida.

Haya, namba. Fungua kava la chini usome kilichochapwa kwenye bodi yenyewe, sio stika ya nje. Bodi nyingi zilizotengenezwa na Compal utakuta LA- kisha namba zinazoishia na P, za Quanta nyingi zinaanza na DA0, na karibu yake kuna REV (toleo la bodi), hiyo nayo andika. Alafu kuna namba ya spea ya kampuni yenyewe: Lenovo wanaiita FRU, Dell ni DP/N, HP wana yao yenye kistari na ule mkia baada ya kistari usiupuuze. Namba ya bodi inakuambia umbo, namba ya spea inakuambia ndani kuna nini, mana bodi yenye umbo lilelile inaweza kutoka na prosesa tofauti. Prosesa za Intel za laptopu tangu kizazi cha 5 zimelehemiwa kwenye bodi, kwaiyo ukinunua bodi umenunua na prosesa, na laptopu nyembamba nyingi hata RAM imelehemiwa. Ukitaka kupanda kutoka i5 kwenda i7 ya modeli ileile inawezekana, ila ukiruka kwenda bodi yenye kadi ya grafiki ya peke yake hitisinki yako ya zamani (chuma cha kupozea prosesa) haitaitosha, na pengine chaja nayo itakuwa ndogo.

Bodi iliyotumika iulizie neno la siri la BIOS (programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows) kabla hujalipa. Laptopu nyingi za maofisini neno hilo halifutiki hata ukitoa kale kabetri ka saa, utabaki na bodi nzima usiyoweza kuitumia. Mwambie muuzaji akuoneshe imewaka ikiwa ndani ya BIOS, akikataa achana nayo.

Sasa data, na hapa naomba usiharakishe. Kama Windows yako inalindwa na BitLocker (mfumo wake wa kufunga data kwa ufunguo), ufunguo umeshikwa na TPM, chipu ya usalama iliyo upande wa bodi, ukibadili bodi SSD (diski yako) ileile itakudai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Laptopu nyingi zinakuja hii kitu imeshawashwa na mwenyewe hajui. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa kifaa kingine uutafute na uuandike pembeni KABLA hujagusa kitu. Kama laptopu bado inawaka wakati mwingine, toa nakala ya mafaili na usimamishe BitLocker kabisa. Na kwa MacBook zenye M1 kuendelea, hifadhi yenyewe imekaa kwenye bodi, bodi ikitoka na data imetoka.

Kufungua: kitu cha kwanza kabisa ni konekta ya betri, usiguse waya mwingine kabla yake. Waya wa skrini unapitisha umeme wa taa za nyuma, ukiuchomoa au kuuchomeka betri ikiwa imeunganishwa unaweza kuunguza fyuzi na ukapata tatizo jipya la skrini giza. Shika chuma kitupu mara kwa mara utoe umeme tuli mwilini, na usifanyie kazi juu ya zulia. Piga picha kila hatua, skrubu zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la laptopu kila moja mahali pake, kwasababu urefu unatofautiana na ndefu ukiiweka pa fupi inatoboa kibodi au kukwaruza bodi. Waya bapa usivute kabla hujaona kifungio chake, vingi vinanyanyuka kama kope, vingine vinateleza pembeni, nguvu ya ukucha inatosha. Waya za antena ya Wi-Fi nyanyua wima, na kumbuka nyeusi ilikaa wapi na nyeupe wapi.

Hitisinki ina skrubu zenye namba, legeza kwa kurudi nyuma kutoka kubwa hadi 1, kukaza anza 1. Pesti ya zamani (ule uji wa kupitisha joto juu ya prosesa) futa na spiriti yenye asilimia 90 au zaidi mpaka ing'ae, weka mpya kidogo tu katikati, na zile pedi laini za kupozea zirudi zilipokuwa, zikichanika nunua za unene uleule. Kabla ya kulaza bodi mpya ifananishe na ya zamani tundu kwa tundu.

Usifunge kava bado. Unganisha skrini, RAM, kibodi, feni na SSD, betri iwe ya mwisho, chomeka chaja ndo uwashe. Mara ya kwanza inaweza kukaa giza dakika kadhaa au kujizima na kujiwasha, inapima RAM, iache. Ingia BIOS uweke tarehe, angalia SSD inaonekana, na hali ya diski (namna bodi inavyoisoma) irudishe ilivyokuwa zamani kama ni AHCI au RAID, ikitofautiana Windows inaleta skrini ya bluu na watu wanakimbilia kuipiga upya bure.

Windows inaweza kusema haijathibitishwa kwasababu leseni ilifungwa na bodi ya zamani. Kama uliiunganisha na akaunti yako, ingia sehemu ya uthibitishaji kwenye mipangilio uchague kwamba umebadili vifaa hivi karibuni. Baada ya hapo jaribu kila tundu, kamera, sauti, uchaji, ipe kazi nzito kama saa moja ukiangalia joto, ikitulia ndo ufunge skrubu zote.