Fuvu la fisi maji au la nguchiro? Namna ya kulipambanua Pemba

Ukiokota fuvu la mnyama mla nyama kando ya mto au kwenye mikoko ya Pemba, usikimbilie kusema ni la fisi maji. Fisi maji yuko bara. Wa kutazamiwa hapa ni nguchiro wa majini, Atilax paludinosus. Wote wawili wana manyoya mazito ya kahawia na hula kaa na samaki. Lakini kufanana huko kumeletwa na maisha ya majini, hakuonyeshi ujamaa. Kwa hiyo wataalamu wa uainishaji hutazama meno na mfupa wa sikio.

Mzoga ukiwa mbichi vaa glavu. Kichaa cha mbwa hakichagui mnyama. Kwanza kata kipande cha msuli chenye ukubwa wa punje ya kunde, ukitie kwenye ethanoli ya asilimia 95. Usitumie formalini, huharibu DNA. Kisha loweka kichwa kwenye ndoo ya maji matupu, funika, na ubadilishe maji kila baada ya siku chache hadi nyama ibanduke. Usichemshe kwa moto mkali wala usitie jiki: moto hupasua meno, jiki hula mfupa. Kila ukimwaga maji yachuje kwa kitambaa, maana meno ya mbele yana mzizi mmoja na huchopoka kimyakimya. Kwenye lebo andika kwa penseli tarehe, shehia na mahali hasa ulipookota. Fuvu lisilo na lebo ni pambo la kabati.

Sasa meno. Hesabu upande mmoja, juu na chini. Fisi maji ana juu meno ya mbele 3, chonge 1, magego madogo 4 na gego kubwa 1. Chini ni 3, 1, 3 na 2. Jumla ya mdomo mzima ni 36. Nguchiro wa majini mara nyingi ana 3, 1, 3 na 2 juu na vivyo hivyo chini. Jumla yake? 36 pia! Ndipo wengi wanapopotea: wanahesabu jumla na kuridhika.

Tafuta taya la juu jino refu lenye makali ya kukatia nyama. Hilo ni gego dogo la mwisho. Yaliyo nyuma yake ndiyo magego makubwa: likiwa moja tu, tena pana, uko kwenye familia ya Mustelidae, ya fisi maji na nyegere. Kati ya hawa wawili, yakiwa mawili madogo ni nguchiro. Meno yakiwa yamedondoka, tahadhari na matundu: gego moja huweza kuwa na mizizi mitatu, kwa hiyo matundu matatu si meno matatu. Mtoto naye hudanganya, kwani meno ya utoto hayana magego makubwa kabisa.

Geuza fuvu juu chini. Nyuma, kila upande, kuna kibofu cha mfupa cha sikio. Cha nguchiro kimegawika vyumba viwili, na mfereji wa mgawanyo huonekana kwa nje. Cha fisi maji ni chumba kimoja, tena kimebonyea. Alama hii ni nzito kuliko meno, kwa kuwa ndiyo inayotenganisha matawi mawili ya oda ya Carnivora: Feliformia, la paka, ngawa, kanu na nguchiro, na Caniformia, la mbwa na fisi maji.

Ngawa na kanu, wa familia ya Viverridae, wana meno 40. Kanu wa Unguja, Genetta servalina archeri, aliandikwa kisayansi mwaka 1998 tu, basi usidhani orodha ya visiwani imefungwa.

Ukiandika jina, zingatia mabano. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina haya, mwaka 1758 alimwita fisi maji wa Ulaya Mustela lutra. Baadaye akahamishiwa jenasi nyingine, hivyo leo huandikwa Lutra lutra (Linnaeus, 1758). Mabano humaanisha jenasi imebadilika. Na fuvu likiwa limevunjika pua, limebaki kibofu cha vyumba viwili na magego makubwa mawili, andika Feliformia uishie hapo. Familia na spishi zisubiri ile nyama ya kwenye ethanoli.