Kutia manukuu ya Kiswahili kwenye Dad's Army: kipindi cha nahodha wa nyambizi

Dad's Army ni vichekesho vya televisheni ya Uingereza kuhusu walinzi wa kujitolea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kipindi chenyewe ni "The Deadly Attachment", cha kwanza katika msimu wa sita, kilichorushwa na BBC tarehe 31 Oktoba 1973. Kina nusu saa tu, lakini maneno yake ni ya kasi. Wazee wa kikosi cha Walmington-on-Sea, mji wa kubuni, wanakabidhiwa nahodha wa nyambizi ya Kijerumani pamoja na mabaharia wake, wawalinde hadi wasindikizaji wafike. Manukuu ya kutazamia nyumbani ni jambo moja. Ukitaka kuonyesha hadharani au kusambaza, omba kwanza idhini ya wenye haki.

Pakua Subtitle Edit, programu ya kutengeneza manukuu, ni ya bure. Kabla ya kuandika neno lolote, weka mipaka: herufi zisizozidi 42 kwa mstari, mistari miwili kwa nukuu, herufi 17 kwa sekunde, na nukuu moja isikae zaidi ya sekunde 7. Nafasi na alama za uandishi nazo huhesabiwa. Kiswahili hubana mengi kwenye kitenzi kimoja, kwa hiyo "hawatatukamata" huwezi kulikata katikati. Kata sentensi kabla ya kiunganishi, na usiache "ya" au "wa" ikining'inia mwisho wa mstari wa juu.

Kagua kasi ya picha ya faili lako. Televisheni ya Uingereza ilikuwa ya fremu 25 kwa sekunde. Manukuu yaliyopimwa kwa fremu 25 yakiwekwa kwenye nakala ya 23.976, sekunde za mwanzo utaona yako sawa, lakini kipindi kikifika mwisho yatakuwa yametangulia kwa zaidi ya dakika moja. Kuyasogeza yote mbele hakusaidii. Badilisha kasi ya fremu ndani ya programu.

Sasa majina na vyeo, uviamue mara moja na uviandike pembeni. Mainwaring, kapteni wa kikosi, hutamkwa "Manering", ila mwachie tahajia yake. Kapteni, sajenti, koplo na afande vinakaa vizuri kabisa. Kikosi chenyewe, Home Guard, kilichoundwa Mei 1940 kwa watu wa kujitolea, kwa Mtanzania kiite mgambo, ataelewa papo hapo, ingawa wengine watakumbuka kwanza wale wanaowafukuza machinga. Kwa watazamaji wa Kenya usiandike "homugadi": neno hilo linawarudisha kwenye Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 na vikosi vilivyopigana upande wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, na kicheko kitakufia mkononi. "Walinzi wa kujitolea" inatosha.

Misemo inayojirudia iwe na tafsiri moja tu mwanzo hadi mwisho. Koplo Jones: "Msitaharuki!", kwa wingi, maana anawapigia kelele wote huku yeye ndiye aliyetaharuki kuliko wote. Mzee Frazer: "Tumekwisha!" Mainwaring kwa Pike, kijana wa kikosi: "Mjinga wewe!" Mzee Godfrey akitaka kwenda msalani: "Naomba ruhusa nikajisaidie." Sajenti Wilson ana lugha ya upole wa kupindukia, basi amri zake zianze na "samahani" na "tafadhali", ukimpa amri kavu umemfanya Mainwaring wa pili. Walker ni mlanguzi, na neno hilo hilo ndilo litumike. Lafudhi ya nahodha usiiandike kwa tahajia ya kuchekesha. Sauti inasikika, na msomaji atadhani umekosea.

Pike anaimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Tafsiri ya neno kwa neno haina vina, na bila vina hakuna utoto wa wimbo. Jaribu:

Piga kazi, piga mluzi,
Hitler huyo ni mpuuzi!

Mizani tisa na tisa, herufi 22 kila mstari. Hapo nahodha anakasirika na kusema jina la kijana huyo nalo litaingia kwenye orodha yake ya watakaoadhibiwa baada ya vita, kisha anauliza anaitwa nani. Jibu la Mainwaring ndilo kilele cha kipindi: "Usimwambie, Pike!" Jina lazima liwe neno la mwisho. Mazoea yetu ya kumwita mtu kwanza, "Pike, usimwambie", yanaua mzaha wote, kwa sababu siri inatoka kabla ya onyo. Kosa jingine ni kuweka swali na jibu kwenye nukuu moja yenye vistari viwili: jicho husoma haraka kuliko mdomo unavyosema. Zitenganishe. Nukuu ya jibu ianze sauti inapoanza, isitangulie hata kidogo, na ibaki kama sekunde 2 juu ya kicheko, ingawa kwa herufi zake 17 sekunde moja ingetosha.

Mzaha wa nahodha kuhusu chipsi hauna shida kwa mtu wa kwetu: "Sitaki chipsi zilizolegea." Shida iko kwenye mabomu ya mkono. Mwanzoni kuna mabishano juu ya kuyatia fataki, yaani vile vidude vinavyoyalipua. Mwishoni, bomu likiwa ndani ya suruali ya Jones, Wilson anafichua kuwa zilikuwa fataki za bandia. Ukiandika "fataki" mwanzo na "viwashio" mwisho, mtazamaji hataunganisha.

Hifadhi faili kama .srt kwa usimbaji wa UTF-8, la sivyo kiritifu cha "ng'ombe", kikiandikwa kwa kupinda (’), kinaweza kugeuka takataka kwenye baadhi ya televisheni. Muda huandikwa kwa mkato, si nukta: 00:14:02,480. Kisha mwonyeshe mtu asiyewahi kukiona kipindi. Akicheka kabla Mainwaring hajafungua kinywa, icheleweshe nukuu hiyo kwa milisekunde 200 na ujaribu tena.