Jinsi ya kwenda Ise-Shima ukitokea Kampala

Basi wale mliouliza Japani ukishachoka na Tokyo uende wapi, mi nasema Ise-Shima, iko mkoa wa Mie upande wa Pasifiki. Viza kwanza, ubalozi wao uko hapa hapa Kampala. Halafu panda ndege Entebbe, badilisha Dubai, shuka Osaka, ukifika mjini uchukue treni ya Kintetsu ya haraka mpaka stesheni ya Iseshi, karibu masaa mawili hivi, we kaa dirishani tu.

Anza na hekalu la Ise Jingu, na desturi yao ni Geku (hekalu la nje) kwanza ndo uende Naiku (hekalu la ndani). Hilo hekalu hulijenga upya kila miaka 20, la mwisho 2013, lijalo 2033, mbao mpya kabisa. Pale kwenye ngazi za mwisho simu mfukoni, picha hawataki.

Ukitoka hapo nenda Toba na Shima. Pwani ya huko imekatikakatika, vighuba na visiwa kibao, ukikaa Ago Bay kule Shima utakumbuka visiwa vyetu vya Ssese kule Ziwa Victoria ila maji ni ya chumvi. Maji hayo yaliyotulia ndo yanafaa kufugia chaza, mfanyabiashara mmoja wa huko, Mikimoto, alifanikiwa kuotesha lulu ndani ya chaza 1893 na mpaka leo ni biashara kubwa huku, pamoja na uvuvi na watalii. Usikose kuwaona wale wanaoitwa "ama", wamama wanaozamia bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wa bahari na mwani, wengine ni majjajja, yaani mabibi kabisa! Njaa ikiuma kula Ise udon, tambi nene laini, bei si mbaya.