Kaliba imekuzidi? Risasi bandia itakuambia

Kabla hujanunua bunduki ya kuwindia nyati au tembo, azima ya kaliba unayoitaka (yaani ukubwa wa mtutu na risasi yake) uende nayo uwanja wa shabaha. Geuka, mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi za kweli na bandia zisizo na baruti. Piga ukiwa umesimama, maana porini hakuna meza. Ikifika ile bandia utasikia "kliki" tu; hapo tazama ncha ya mtutu. Ikizama chini, au bega likajisukuma mbele, unaogopa teke, yaani bunduki inavyosukuma bega ikifyatuka. Shuka kaliba moja, urudie.

Risasi ya kweli huficha kosa hili, kwa sababu bunduki inaruka na huoni ulichofanya sekunde ile ya kufyatua. Kaliba ya .375 H&H ya mwaka 1912 husukuma kichwa cha risasi cha gramu 19.4 kwa takriban mita 770 kwa sekunde, na nchi nyingi zinaikubali kisheria kwa wanyama hatari. Kaliba kubwa zaidi, .458 Winchester, hurusha gramu 32.4, sawa, lakini ukiogopa teke zikaingia tumboni badala ya moyoni umejitengenezea nyati mwenye hasira. Mimi ningechukua .375 bila kusita.

Jaribio hili hudanganya ukilifanya bega likiwa limeshachoka, au bunduki ya kuazima ikiwa nzito kuliko utakayonunua: nyepesi hupiga teke zaidi. Wala halikuchagulii aina ya kichwa cha risasi. Fuvu la tembo linataka kigumu kisichotanuka, hata mkono uwe imara namna gani.