Somo: Kuuza na kualika kwenye biashara ya mtandao bila kumficha mtu kitu

Somo hili ni la wanaouza bidhaa za afya na urembo kwa mfumo wa mtandao (si wa intaneti, ni ule wa kuuza) na kusajili wengine chini yao. Kazi hii ina jina baya mtaani, na jina hilo halikutoka hewani. Tanzania watu wengi walipanda "mbegu", yaani hela zao, DECI, mpango wa upatu ulioahidi faida kubwa, na hawakuvuna, hadi mambo yakafumuka mwaka 2009. Kwa hiyo mtu akisikia "kuna fursa" anashika mfuko wake kwanza. Usimlaumu.

Hatua ya 1: Ipime kampuni kabla hujamwalika mtu

Jiulize: usajili wa watu wapya ukisimama leo, kuna hela itakayoendelea kuingia kutoka kwa wanunuzi ambao si wanachama? Kama hakuna, huo ni upatu wa piramidi, yaani wa mwanzo wanalipwa kwa hela za wanaoingia baadaye, hata kama pale mezani pamepangwa maboksi ya dawa ya meno. Sheria ya Tanzania inauhesabu upatu wa namna hiyo kuwa ni jinai.

Kipimo kizuri kipo tangu 1979, pale FTC, tume ya biashara ya Marekani, ilipoamua kuwa Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si piramidi. Iliangalia kanuni tatu: mzigo usiouzika unarudishwa na kununuliwa tena, mwanachama anatakiwa awe ameuza angalau asilimia 70 ya alichonunua ndipo apate bonasi, na awe na wateja wa rejareja 10 kila mwezi. Isome mikataba ya kampuni yako uone zipo ngapi, na kama zinafuatwa kweli. Wanaopenda kuitaja hukumu hiyo jukwaani huwa wanaruka sehemu ya pili: tume hiyohiyo iliikuta Amway na kosa la kutia chumvi kipato, ikaamriwa iache.

Hatua ya 2: Ijue bidhaa, useme yaliyoandikwa tu

Soma boksi lote: viambato, kipimo, tarehe ya mwisho, namba ya usajili. Kama imesajiliwa kama chakula au kirutubisho, haitibu kisukari, haiondoi uvimbe, haizibui mirija. Ukimwambia mgonjwa wa kisukari aache metformin, dawa yake ya kushusha sukari, anywe unga wako, sukari itapanda, na hapo suala si mauzo tena.

Muulize mteja anatumia dawa gani. Mzizi wa licorice, mmea mtamu unaotiwa kwenye baadhi ya virutubisho, hupandisha presha. Mtu anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kirutubisho chochote kabla ya kuongea na daktari wake. Ukimwambia "hii usinunue kwanza", umepoteza boksi moja, lakini umepata mtu atakayekuamini ukimwambia nyingine inamfaa.

Hatua ya 3: Andika mwaliko unaojitosheleza

Mwaliko unaoharibu ni ule wa "njoo Jumamosi saa nne, vaa vizuri, utajua hukohuko". Akifika akakuta projekta na watu wanapiga makofi, ameshajua umemchota. Atakaa mpaka mwisho kwa heshima, kisha hatapokea simu yako tena.

Mwaliko kamili una mambo matano: jina la kampuni, kwamba ni biashara ya mtandao, kwamba kuna hela ya kuingilia na ni kiasi gani, muda wa kikao, na ruhusa ya kukataa. Mfano kwa mtu mzima:

"Shikamoo shangazi. Nauza virutubisho vya kampuni (jina), ni biashara ya mtandao. Jumamosi saa nne kuna kikao cha saa moja na nusu cha kuieleza. Anayejiunga hulipa 70,000 za usajili na kununua mzigo wake, lakini siku hiyo hulipi kitu. Kama hupendi mambo haya niambie tu, wala sitalirudia."

Wengi watakataa. Sawa. Wanaokuja wanajua wanakokuja, na hao ndio wanaobaki.

Hatua ya 4: Weka hesabu mezani, kwa kalamu

Usioneshe picha ya gari la kiongozi. Chukua karatasi uandike naye. Tarakimu hizi ni za mfano; weka za kampuni yako.

Usajili 70,000, haurudi. Ili awe "hai", yaani ahesabiwe mwanachama anayefanya kazi, kila mwezi anunue maboksi 3 kwa 40,000, yaani 120,000. Rejareja boksi ni 52,000, faida 12,000. Akiuza yote matatu anapata 36,000. Toa bodaboda 2,000 kwa kila boksi na bando 10,000: inabaki 20,000. Kwa mwendo huo usajili unarudi baada ya miezi mitatu na nusu.

Sasa andika upande wa pili, ule ambao semina haiuandiki. Ameuza mawili tu: ametoa 120,000, ameingiza 104,000, bodaboda na bando 14,000. Amepungukiwa 30,000 na boksi moja limebaki kabatini. Hapa ndipo watu wanapozama, kwa sababu mwezi unaofuata anaambiwa anunue tena asipoteze pointi, zile anazohesabiwa kwa manunuzi, na kabati linajaa. Mpe namna ya kujikinga: mzigo wa mwezi uliopita ukibaki zaidi ya theluthi, asinunue mwingine, pointi zipotee.

Bonasi za watu atakaowasajili chini yake ziandike mwisho, kando, na useme wazi kwamba zinategemea watu ambao bado hawapo. Akikuuliza wewe unapata ngapi, mtajie kilichobaki baada ya gharama, siyo hundi kubwa uliyowahi kupata.

Hatua ya 5: Usipokee hela siku ya kikao

Mpe karatasi aende nayo nyumbani, alale nayo siku mbili, amuoneshe mwenzi wake. Hela ya ada ya shule, ya kikoba au ya mkopo wa simu usiipokee kamwe. Akirudi, mpe risiti na masharti ya kurudisha mzigo kwa maandishi: siku ngapi, boksi liwe katika hali gani, nauli ya nani.

Maswali ya wanachama

Swali (Morogoro): Kiongozi wangu wa juu anasema nikitaja jina la kampuni mtu ataingia Google atishike. Nifanyeje?

Jibu: Ataingia Google tu, hata akiwa ndani ya kikao. Afadhali asome kabla, aje na maswali. Kama majibu ya maswali hayo huna, rudi hatua ya 1.

Swali: Kipato changu halisi ni elfu ishirini au thelathini. Nikisema hivyo nani atajiunga?

Jibu: Wachache, mkuu. Atakuja anayetaka kuuza maboksi matatu ya ziada kwenye saluni yake, na huyo tayari ana wateja. Anayetafuta milioni kwa mwezi hatajiunga, na hilo ni jema kwako, maana ndiye angekutangaza mtaa mzima baada ya miezi miwili.

Swali (Mombasa): Mteja amefungua boksi, ametumia siku nne, anadai pesa zake. Nirudishe?

Jibu: Angalia kwanza ulimwahidi nini. Kama ulisema "utaona matokeo siku tatu", mrudishie zote, kosa ni lako. Kama uliuza kwa maneno ya kwenye boksi, fuata masharti uliyompa kwa maandishi. Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inampa mnunuzi siku 10 za kuvunja mkataba wa mauzo ya moja kwa moja baada ya kupokea nakala yake, kwa hiyo usimtishe kwamba "kilichouzwa hakirudi".

Swali: Nilishamsajili shemeji kwa kumwambia bonasi zinaingia zenyewe. Sasa ana mzigo ndani na ananinunia.

Jibu: Mfuate wewe, usisubiri. Mwambie ulichomwambia hakikuwa sahihi, kisha hesabuni mzigo pamoja. Maboksi ambayo hayajafunguliwa, uliza kampuni kama muda wa kurudisha bado upo. Kama umepita, yachukue uyauze kwa wateja wako na umpe bei aliyonunulia, hata ukikosa faida. Usajili wake usimwendeleze kwa kumlipia pointi wewe. Huko ni kujinunulia cheo kwa jina lake. Akitaka kutoka, mwandikie barua ya kujitoa leoleo, na abaki na nakala.