Jinsi ya kuwa mwalimu wa drama hapa Nairobi

Hii swali naulizwa sana na vijana wanaoigiza pale Kenya National Theatre na wale wa vikundi vya kuzungusha setibuku mashuleni, wanataka ualimu lakini hawajui waingilie wapi.

Tuanze na makaratasi juu hapo ndio wengi hukwama. Kufunza sekondari unahitaji C+ kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, na C+ pia kwa yale masomo mawili utakayofunza, alafu digrii ya elimu. Ukisomea sanaa ya maigizo pekee, tuseme pale Kenyatta University, utatoka msanii mzuri lakini kwa TSC, ile tume inayosajili na kuajiri walimu, bado, itabidi uongeze ile diploma ya ualimu ya baada ya digrii, PGDE, na uwe na masomo mawili yanayofunzwa shuleni. Mimi ningeshika Kiswahili ama Kiingereza na fasihi pamoja na drama, manake mwalimu mkuu anatafuta mtu wa kujaza taimtebo. Cheti cha tabia njema kutoka DCI, polisi wa upelelezi, kianze mapema. Hata shule za binafsi wataulizia namba ya TSC.

Na wakati ni mzuri. Miaka yote drama imekuwa klabu, kitu ya saa kumi jioni watoto wakishachoka, lakini kwa senia skuli ya mtaala mpya Maigizo na Filamu ni somo kamili kwenye mkondo wa sanaa na michezo, na Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026.

Lakini usingoje namba ya TSC ndio uanze kujifunza kazi. Tamasha ya drama ya shule na vyuo iko tangu 1959, mnapanda kutoka chini mpaka kaunti, rijoni, alafu kitaifa, na kila muhula wa kwanza walimu wa klabu wanatafuta mkono wa kuwasaidia. Enda shule ya karibu na kwenu, ongea na mwalimu msimamizi, omba kusaidia masimulizi ama shairi, usikimbilie mchezo mkubwa. Kuna mahali watakupa nauli na lanchi tu. Kubali msimu mmoja, msimu wa pili mkubaliane bei kwa maandishi kabla hujaingia, juu mimi nilifunza shule moja miezi mitatu, tukashinda, pesa sijaiona mpaka leo na bado inaniuma.

Siku ya kwanza acha skripti nyumbani. Watoto wetu wamezoea kupiga kelele kwa koo, wakifika kaunti sauti imeisha. Wapeleke dainingi, sukumeni mabenchi kando, msimamishe mmoja karibu na dirisha la jikoni pale sufuria zinagongana na matatu zinapiga honi nje, umpe laini moja, "Mama, nimerudi." Wewe kaa mlangoni mbali kabisa. Aweke mkono wake tumboni, avute pumzi mpaka mkono usukumwe, aseme bila kupayuka mpaka uisikie vizuri. Alafu aiseme kama mtoto amebeba ripoti mbaya. Alafu kama mtu aliyepotea miaka mitano. Alafu kama mtu hajui iwapo mama bado yuko hai. Nilikuwa na msichana wa Gredi ya 8 mwenye darasani hata hakuwa anainua mkono, alipofika hiyo ya mwisho mpishi alifunga mfereji ndio asikie.

Ukipata hapo waulize, huyu mama anajibu nini? Waache waigize, wewe andika. Wataleta landilodi aliyefunga nyumba, wataleta shosho na maji ya mitungi, na mchezo utakuwa wao, majaji huwa wanaona hiyo haraka sana.

Kuhusu majaji, enda tamasha ya kaunti hata kama huna timu, na usitoke watoto wakishaigiza, ngoja maoni ya majaji uandike kila kitu, hiyo ni shule ya bure.

Mazoezi yaishe kabla giza, wazazi wajue, na usibaki peke yako na mtoto mmoja kwa chumba. Hapo sitaki mchezo.

Weka faili: picha, programu za tamasha, barua za walimu uliosaidia. Siku ya intavyuu ibebe, alafu uombe dakika 20 na darasa lolote walilonalo.